Chombo cha Kubebwa na Watu Wawili

Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi kwenda Mbweni, bahari ina tabia ya kuondoka. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwa kuwa ufuo wenyewe una mteremko mdogo sana, yakipwa unabaki na uwanja mpana wa mchanga, majani ya bahari na mawe ya matumbawe. Mvuvi hupanga siku yake kwa kufuata maji. Mtu wa ofisini kama mimi, ambaye nafasi yake ni Jumamosi baada ya kumaliza shughuli za nyumbani, hana anasa hiyo. Jumamosi haiulizi maji yamefika wapi.

Kwa hiyo nilipoamua kujitengenezea mashua ndogo ya tanga hapa nyumbani, mchoro ulianzia mchangani. Mwendo ungekuja baadaye, uzuri wa omo, yaani sehemu ya mbele, ungekuja baadaye. Kwanza nilitaka chombo ambacho mimi na mwanangu wa sekondari tunaweza kukinyanyua kutoka kwenye kigari, kukivusha uwanja ule mpaka majini, kisha tukirudishe jioni tukiwa tumechoka na maji yamekimbia tena. Nikajiwekea kikomo: kilo 40 za mwili mtupu, bila mlingoti, tanga wala usukani. Kila mmoja kilo 20, sawa na ndoo kubwa ya maji, na nani Dar hajawahi kubeba ndoo ya lita 20?

Kikomo hicho ndicho kilichoamua karibu kila kitu kilichofuata, na ndicho nataka kukieleza hapa, kwa sababu nimeona watu wakianza na picha nzuri ya mtandaoni, wakamaliza na chombo kizuri kisichotoka uani.

Kwanza tuwape haki yao mafundi wetu. Ukienda Nungwi kule Unguja, Jibondo kule Mafia, au Matondoni kule Lamu, utakuta watu wanaojenga mashua na majahazi bila karatasi ya mchoro, kwa tezo, msumeno na jicho. Vyombo vyao ni vizito, na uzito ule una sababu. Mbao za mashua ya kawaida hufungwa kwa misumari kwenye mataruma, yaani mifupa ya ndani ya chombo, kisha nyufa zinazibwa kwa kalafati: pamba iliyopakwa mafuta inasukumwa katikati ya ubao na ubao. Kalafati haishiki kwenye ubao mwembamba. Inahitaji unene wa kuibana, na ubao ukiwa mnene unahitaji taruma nene, na taruma nene inahitaji mkuku, uti wa chini wa chombo, wa kuibeba. Uzito unazaa uzito. Ngalawa nayo huchongwa kwenye gogo, mara nyingi la mwembe, na hata ukilichonga kwa ustadi gani, gogo litabaki gogo. Mvuvi hajali sana, kwa sababu chombo chake kinalala majini au kinashushwa na kundi la watu wanaofanya kazi pamoja kila siku. Mimi kundi langu ni kijana mmoja mwenye mitihani.

Njia ya wepesi ilifunguliwa na gundi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, plaiwudi iliyobandikwa kwa gundi isiyoyeyuka majini ilikuwa imeanza kupatikana kwa watu wa kawaida. Mwaka 1947, katika mji wa Clearwater, Florida, fundi Clark Mills aliombwa mashua ya watoto isiyozidi dola 50, ambayo mzazi angeweza kuitengeneza kwenye gereji. Shiti ya plaiwudi ina urefu wa futi 8. Mills akaona kwamba omo lililochongoka halitatosha ndani ya futi hizo, akalikata mbele likawa bapa. Ndiyo maana Optimist, ambayo leo watoto wa nchi nyingi hujifunzia tanga, ina pua iliyokatwa na urefu wa mita 2.3. Napenda sana uamuzi ule. Hakuna aliyeudhani kuwa mzuri, ila ulikuwa wa kweli kwa mbao iliyokuwepo dukani.

Hatua ya pili ilitoka Uingereza. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror lilileta mashua iliyochorwa na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell, mtu aliyekuwa akifundisha kazi za mikono kwenye televisheni. Mirror iliuzwa kwa vipande, paundi 63 na shilingi 11, na mnunuzi aliishona mwenyewe. Namaanisha kushona hasa: unatoboa vitundu kando ya vipande vya plaiwudi, unapitisha waya wa shaba, unausokota kwa koleo hadi kingo zinakutana, kisha unaziba maungio kwa utepe wa faiba na resini. Mataruma hayapo, kwa sababu ngozi na maungio ndiyo yanayobeba kazi. Mwili wake una urefu wa mita 3.3 na uzito wa kilo 45 na nusu, na zimejengwa zaidi ya 70,000. Niliposoma namba hizo, kilo 40 zangu zikaacha kuwa ndoto.

Sasa hesabu. Plaiwudi ya marini inayopatikana kirahisi kwenye maduka yetu huja kwa unene wa milimita 3, 6, 9, 12 na kuendelea. Mbao zake nyingi zina uzito wa karibu kilo 600 kwa mita ya ujazo, maana yake shiti moja ya milimita 6, yenye ukubwa wa mita 2.44 kwa 1.22, inakaribia kilo 11. Ya milimita 9 inapita 16. Plaiwudi ya okume inayotumiwa na wajenzi wa Ulaya ni nyepesi kwa zaidi ya robo, lakini kuiagiza kwa ajili ya mashua ya uani ni kujionyesha tu.

Nilichora mashua ya mita 3.2, upana mita 1.3, omo bapa kidogo kwa heshima ya Mills. Mita za mraba za chini, ubavuni, tezi (sehemu ya nyuma) na omo zilifika sita na kitu. Kwa milimita 6 hiyo ni kilo 23 hivi. Vyumba vya hewa na viti nikavifanya vya milimita 3 vyenye fito ndogo kwa nyuma, kilo 3. Watu walinishauri milimita 9 kwa chini, "kwa usalama". Ningekubali, kilo kama 4 zingeongezeka papo hapo, na uimara ningeupata kwa bei mbaya. Ukakamavu wa ubao hupanda kwa unene kuzidishwa mara tatu kwa wenyewe, ni kweli, lakini unaweza kuupata ukakamavu huohuo kwa kuupinda ubao. Karatasi iliyonyooka inalala. Ipinde kidogo, inasimama. Chini ya mashua yangu kumepindwa kutoka omo hadi tezi, na mpindo huo hauna uzito wowote.

Kabla ya kukata hata shiti moja nilitengeneza mfano wa boksi, sentimita 1 kwa kila 10, nikaupeleka Kunduchi kwa mzee mmoja anayekarabati mashua chini ya mkungu karibu na soko la samaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini, boksi la viatu?"

Nikamweleza. Aliugeuza mfano juu chini, akafumba jicho moja, akauangalia kutoka nyuma kwenda mbele kama anayelenga. "Mbele hapa umelaza sana. Ukikutana na mawimbi ya kusi litakupiga makofi mpaka uchoke." Akaokota ufito mwembamba wa mbao, akaushika ncha moja, mimi nikashika nyingine, akaukunja taratibu. Ufito ukikunjwa wenyewe hauna kona. Unachagua mpindo wake. Akaniambia niufuate ule. Kwenye kipimo kamili omo lilipanda karibu sentimita 10.

Halafu akauliza mkuku uko wapi. Nikamwonyesha tundu la katikati ambamo ungeshushwa ubao wa kuzuia mashua isisukumwe pembeni na upepo, ubao wa kuchomeka na kuchomoa kama upanga, mwepesi na rahisi.

"Na ukigonga jiwe?"

Nikakaa kimya. Ubao wa kuchomeka ukigonga tumbawe kwa mwendo, nguvu yote inaishia kwenye sakafu ya mashua, nayo ni milimita 6. Florida wana mchanga. Sisi tuna mawe. Mjadala huo alishinda mzee. Nikabadili, nikaweka ubao wa chini unaozunguka kwenye pini, ukigongwa unarudi nyuma na kupanda wenyewe. Sanduku lake ni refu zaidi na lilinigharimu kilo 2 kamili. Usukani nao nikaufanya wa kunyanyuka kwa kamba. Kilo hizo sizijutii hata kidogo.

Tulichobishana mpaka mwisho ni farumi, yaani uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisipinduke. Mzee anaamini chombo bila uzito chini ni kichaa, na kwa jahazi lenye mlingoti mrefu na mizigo ana haki. Lakini katika mashua ya kilo 40, farumi ni abiria. Mimi na kijana wangu pamoja tunakaribia kilo 130, zaidi ya mara tatu ya chombo chenyewe, na farumi yetu ina faida ya kuweza kuhama. Chukua tanga la mita za mraba 5. Upepo wa noti 10, kama kilomita 18 kwa saa, unalisukuma kwa nguvu ya kama kilo 10. Ukiwa na kitovu cha nguvu mita 2 juu ya ubao wa chini, mtu mmoja wa kilo 70 akikaa nusu mita pembeni anatosha na kubaki. Upepo ukifika noti 20, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne: kilo 40. Hapo mtu mmoja hatoshi hata akining'inia. Mnakaa wote wawili upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, au mnapunguza tanga. Nilishona mstari wa kulipunguzia tanga kabla sijashona kitu kingine chochote.

Kujenga kwenyewe nitakupitisha haraka, kwa sababu sehemu kubwa ni msasa, na msasa hausimuliki. Mbavu mbili zinakatwa kwa pamoja, shiti juu ya shiti, ili zilingane. Shiti ni fupi kuliko mashua, hivyo unaziunga kwa kipande cha nyuma na gundi. Waya wa shaba nilichuna kutoka kwenye nyaya za umeme zilizobaki tulipojenga nyumba. Kushona ni kazi ya asubuhi moja na ndiyo raha kuliko zote: vipande bapa vinaanza kugomana, unakaza hapa, unalegeza pale, na ghafla kuna umbo. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama nimeanza kufuga, maana ameona hori.

Pahali pa kukaa kidogo ni resini, kwa sababu huko ndiko uzito unakojificha. Wauzaji wa vifaa vya boti za faiba watakupa poliesta, ambayo ni rahisi na kwa boti ya faiba tupu inafaa. Juu ya mbao haishiki vizuri kama epoksi, na ikianza kuachia, maji yanaingia chini yake kimyakimya. Epoksi ni ghali na ina madeko. Inapokauka inatoa joto lake yenyewe, na joto hilo linaiharakisha zaidi. Kwenye hali ya hewa ya Dar ukiiacha kwenye kikombe chenye kina, inaweza kuchemka na kutoa moshi mkononi mwako. Ichanganye kidogo kidogo, imwage kwenye sinia pana, fanya kazi alfajiri kabla jua halijapanda. Ikikauka katika unyevu wetu huacha utando wa kuteleza juu yake. Uoshe kwa maji na sponji kabla ya kupiga msasa, la sivyo rangi itakataa.

Na uzito? Maungio ya ndani hujazwa kwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, kisha unayasawazisha kwa kijiko yawe mviringo. Mviringo wenye nusu-kipenyo cha sentimita 2 unakula kama gramu 90 kwa kila mita. Ukiwa na mkono mpana ukafanya sentimita 3, ni gramu 200. Kwa mita kumi za maungio umeongeza zaidi ya kilo moja, na hakuna atakayeiona. Mikono mitatu ya epoksi ndani na nje ni kilo 5 zaidi, kama unatumia rola na kukung'uta. Ukitumia brashi na ukarimu, weka 8. Nilikuwa napima kila sinia kwenye mizani ya jikoni, jambo lililozua mazungumzo marefu na mama watoto.

Mbao za ukingoni ni msonobari wa mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, mwepesi na wenye nyuzi ndefu ukichagua ubao usio na vifundo. Msaji ni mzuri zaidi na unaoza polepole, lakini nilitumia vipande viwili tu, pale mashua inapokokotwa. Mbao za mikoko zilizozoeleka kwenye mataruma ya asili sikuzigusa; ni nzito mno kwa kazi hii, na misitu yake inalindwa.

Vyumba vya hewa mbele na pembeni vina ujazo wa lita 120 hivi. Plaiwudi ikitoboka hewa inatoka, kwa hiyo ndani yake nimepanga chupa tupu za maji zilizofungwa vizuri. Hazina uzito wa kusema, hazigharimu kitu, na kila lita inabeba kilo moja. Tulipoipindua makusudi, maji yakiwa kifuani na jaketi okozi mwilini, ilielea ubavu, tukasimama juu ya ubao wa chini ikainuka, ikabaki na maji ya kuchota kwa kata. Jaribio hilo nalisisitiza kwa mtu yeyote. Lifanye karibu na ufuo, fanya na mtu utakayesafiri naye, na lifanye kabla chombo hakijapakwa rangi ya mwisho ili usionee uchungu.

Mizani? Tuliitundika omo na tezi kwa zamu kwenye mizani ya kuning'iniza tuliyoazima sokoni, tukajumlisha. Kilo 43. Mbili za mzee, moja sijui ya nani. Kwenye kina, hata hivyo, haionekani: chini ya mashua hii pana eneo la karibu mita za mraba 2, hivyo kila kilo 20 zinaizamisha sentimita moja tu. Kinachozihisi kilo 3 ni mikono, pale katikati ya uwanja wa mchanga.

Tanga ndilo lililobaki na ubishi. Nilichagua tanga la pembe nne linaloning'inia kwenye foromali fupi (mti unaoshika ukingo wa juu wa tanga), mlingoti usio na kamba za kuushikilia, kila kijiti kikiwa kifupi kuliko mashua ili viingie ndani yake wakati wa kubeba. Mlingoti ni msonobari, foromali ni mwanzi. Tanga ni turubai jeupe. Siyo kitambaa cha mashindano, lakini halinywi maji. Ukilikata bapa kama shuka halitavuta. Kingo za juu na mbele lazima zikatwe kwa mpindo wa sentimita chache nje ya mstari, ili likishatwekwa ziada ile igeuke tumbo. Mshonaji wa maturubai wa Tegeta aliyenishonea aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na mpindo huo, kwa kuwa yeye hulipwa kwa kunyoosha.

Mahali pa kusimika mlingoti nilipatafuta kwa boksi pia. Unakata umbo la tanga, unalisawazisha juu ya ncha ya penseli mpaka litulie, unaweka alama. Unafanya hivyohivyo kwa umbo la sehemu iliyo majini pamoja na ubao wa chini. Alama ya tanga nikaiweka mbele kidogo ya alama ya majini. Ikiwa nyuma mno, mashua inageukia upepo muda wote na mkono unachoka kwenye kana, yaani mpini wa usukani. Ikiwa mbele mno, inakimbia upepo, na ukiachia kana unaweza kupinduka. Yangu inageukia upepo kwa upole. Ukiachia, inasimama na kukusubiri.

Kusi ukiwa wa wastani tunavuka kwenda Mbudya na kurudi mchana mmoja, na upepo ukiwa wa ubavuni mashua inapanda juu ya maji na kuanza kuteleza, jambo ambalo mashua nzito ya ukubwa huu haiwezi. Kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, inabisha, japo mawimbi mafupi yanaisimamisha, kwa kuwa haina uzito wa kuyapasua. Hapo unaiacha ianguke kidogo kutoka kwenye upepo na kuipa mwendo. Mzee tulimpakia siku moja. Alikaa katikati kama mfalme, akakataa kusogea pembeni mpaka alipoona maji yanachungulia ukingoni. Tuliporudi alisema mwili sawa, tanga hapana. Anataka nijaribu tanga letu la pembe tatu, foromali ndefu ya mwanzi, na ameshanichagulia mwanzi. Nimepiga hesabu: foromali itapita urefu wa mashua kwa karibu mita moja, kwa hiyo itabidi iungwe katikati ili ibebeke, na mlingoti usogee nyuma kama sentimita 25. Tundu la pili la mlingoti nimeshalikata. Tunasubiri kaskazi.